Mwenye Nyumba na Fundi Wake katika Miji ya Mawe

Wahenga wetu walituachia neno lisilochakaa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili hunenwa mno katika mambo ya malezi na mwenendo, hata watu wengi wamesahau kwamba asili yake ni habari ya nyumba. Tena kuna jambo ambalo wahenga hawakulisema: ni nani atakayeuziba huo ufa. Mwenye nyumba auona ufa, ausikitikia, na pengine hata fedha ya kuuzibia anayo. Lakini mkono hana. Yampasa atafute mkono wa mtu mwingine, na hapo ndipo dhiki yake huanza. Fundi wa kwanza aahidi kuja kesho, na kesho yake haifiki. Wa pili aja, apokea arubuni, kisha haonekani tena mtaani. Wa tatu aimaliza kazi upesi kuliko alivyoahidi, naye asifiwa. Lakini masika yakifika, maji hupita palepale yalipokuwa yakipita.

Dhiki hii yajulikana kwa kila mwenye nyumba, na dawa ambayo watu huipenda ni kulaumu: mafundi wa siku hizi hawana imani, si kama wale wa zamani. Nia ya makala haya ni kulipima neno hilo kwa kipimo cha historia. Je, ni kweli kwamba fundi wa zamani alikuwa mtu mwema kuliko huyu wa leo? Au kulikuwa na kamba iliyowafunga pamoja fundi na mwenye nyumba, na kamba hiyo imekatika? Mfano nitakaoutumia ni ule niujuao zaidi, yaani miji ya mawe ya pwani yetu, na hasa Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba mbovu si hasara ya mwenyewe tu bali ni hatari kwa kila apitaye chini yake.

Kwanza tuyatazame majina, maana lugha huhifadhi mambo ambayo watu wameyasahau. Neno fundi ni ndugu wa kufunda na kufunza, na mwanafunzi yu katika ukoo huohuo. Basi kwa asili ya neno, fundi si mtu ajuaye kazi tu, bali ni mtu aliyefundwa na awezaye kufunda. Ajengaye kwa mawe na chokaa huitwa mwashi, na jina lake latoka katika kitenzi cha kale, kuaka, ambacho leo hakisikiki ila kwa nadra. Anayejifunza kazi aliitwa mwanagenzi. Mwanagenzi alipohitimu, fundi wake alipewa kilemba, maana yake malipo ya heshima ya kumshukuru kwa mafunzo. Na fedha anayopewa fundi kabla ya kazi kuanza ni arubuni, neno la biashara lenye maana ya kufunga mapatano. Katika majina haya mna utaratibu mzima: mtu afundwa, ahitimu mbele ya watu, amlipa aliyemfunda, kisha afunga mapatano na mwenye nyumba. Atakayefahamu ni wapi utaratibu huo ulipokatika atakuwa amekaribia kujibu swali letu.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe, yanayoshikizwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa hiyo nayo hutokana na matumbawe. Magogo hupangwa kwa duara, mawe hupakiwa juu yake, na moto huwashwa mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Kisha humwagiwa maji, nayo hupasuka na kuwa unga. Lakini unga huo haufai kutumiwa siku ileile. Fundi mwema huiacha chokaa yake ikae katika unyevu kwa miezi, maana kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kulainika na kushika. Na ikisha kupakwa ukutani yataka subira tena, kwa kuwa hukauka polepole kwa kuvuta hewa. Lipu yake hupakwa kwa tabaka nyembamba moja juu ya nyingine, na kila tabaka hulowanishwa isije ikapasuka kwa jua.

Dari na sakafu za juu hulazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo hazizidi sana mita 3 kwa urefu utumikao, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba. Si kwamba wazee hawakupenda nafasi, bali mti ndio uliowakatia kipimo. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha watu hujipanga wakapiga sakafu kwa magongo kwa muda wa siku nyingi, kwa nyimbo, mpaka igande na kung'aa.

Nyumba ya namna hii ina adui mmoja mkubwa, naye ni maji. Maji yakipata tundu darini huteremka ndani ya ukuta mpaka kwenye kichwa cha boriti kilichofukiwa humo. Kichwa huoza gizani, hali boriti nzima machoni pa watu ni nzima. Sakafu huanza kuinama. Na kwa kuwa sakafu ndiyo izishikazo kuta zisiachane, ukuta nao hutoka tumbo kuelekea njiani. Kutoka tundu dogo la dari mpaka ukuta kuanguka yaweza kupita miaka mingi. Huo ndio ufa wa wahenga, na hiyo ndiyo safari yake.

Katika maelezo haya mna jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote. Kazi ya chokaa ikifanywa vibaya, ubaya wake hauonekani siku ya malipo. Huonekana baada ya masika mawili au matatu. Basi mwenye nyumba hulipa leo kwa kitu ambacho hatakijua mpaka kesho kutwa, na katika muda huo wa katikati hana ngao ila imani. Imani hiyo zamani haikuelea hewani. Ilikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, nyumba ya chokaa haikutengenezwa mara moja ikaachwa. Ilitazamwa kila mwaka, ikapakwa, ikazibwa, kwa hiyo fundi alirudi tena na tena katika nyumba ileile na kukutana uso kwa uso na kazi yake ya mwaka jana. Ya pili, fundi alikuwa mtu wa mji uleule, akijulikana alifundwa na nani; akiharibu, aibu ilimpata na aliyemfunda. Ya tatu, mwenye nyumba mwenyewe alikuwa na elimu kidogo ya chokaa, kwa kuwa ameiona tangu utotoni ikichomwa, ikilowekwa na kupigwa. Hakuweza kuaka, lakini aliweza kupima.

Asije msomaji akadhani kwamba nasema zamani hapakuwa na kazi mbovu. Magofu yetu yenyewe yatashuhudia kinyume. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianzwa katika karne ya 11, na mwanzoni mwa karne ya 14 ukaongezwa sana katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mji ulipokuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu. Sehemu ile iliyoongezwa haikudumu. Iliporomoka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Sultani alikuwa na mali, alikuwa na amri, na bila shaka aliita mafundi bora. Na bado jengo lilianguka. Wala wasiwasi huu si wa pwani yetu peke yake. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, mjenzi ambaye ukuta wake umeinama aliamriwa autengeneze kwa fedha yake mwenyewe, na nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, mjenzi naye aliuawa. Sheria kali hivyo haitungwi ila mahali ambapo watu wamekwisha umizwa.

Unguja tuna ushahidi wa namna nyingine, usio na damu. Kanisa Kuu la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, yule aliyetoa kitabu chake cha kuelezea Kiswahili mwaka 1870. Husimuliwa mpaka leo kwamba askofu alisafiri, na aliporudi akakuta nguzo fulani za ndani zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Nguzo hizo zingali hivyo, na kila mgeni huonyeshwa. Watu hucheka wanaposikia habari hii. Mimi nayaona ndani yake mafunzo mawili. Kwanza, msimamizi akiondoka, kazi hubaki na fahamu ya mfanyakazi peke yake, na mtu asiyeonyeshwa umbo la kitu kizima hawezi kulaumiwa kwa kukosea upande wa sehemu yake. Pili, nguzo zile zimebeba mzigo wake kwa zaidi ya miaka 140. Kuna makosa yanayochukiza macho na kuna makosa yanayoua, na mwenye nyumba mwenye busara hujifunza kuyatofautisha.

Tena liko jambo ambalo wapenzi wa zamani hupenda kulipita upesi. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalijengwa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja. Waashi na maseremala walitoka pwani hii, Bara Hindi na Arabuni. Lakini mikono mingi iliyobeba mawe, iliyochoma chokaa na kupiga sakafu ilikuwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikuondolewa katika sheria za Unguja mpaka mwaka 1897. Basi tunaposema kwamba zamani mafundi na wasaidizi wao walipatikana wakati wowote na hawakukimbia kazi, yatupasa tuulize ni wangapi kati yao waliokuwa na ruhusa ya kukimbia. Uaminifu wa mtu asiyeweza kuondoka si uaminifu, ni kifungo. Kwa hiyo kamba niliyoitaja mwanzo haikuwa yote ya hariri. Baadhi ya nyuzi zake zilikuwa chuma, na kukatika kwa nyuzi hizo si hasara bali ni haki.

Nyuzi nyingine hata hivyo zilikuwa njema, nazo pia zilikatika. Nyumba nyingi za mji zilikuwa mali ya wakfu, na kodi zake zilipaswa kwanza kuzitengeneza nyumba zenyewe kabla ya kugawiwa. Kamisheni ya Wakfu iliwekwa mwaka 1905 kuzisimamia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikawa za serikali, na familia nyingi zikatiwa katika jumba moja lililojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Watu waliokuwa hawana pa kulala walipata pa kulala, na jambo hilo halina budi kutajwa. Lakini nyumba ilipata wakaaji wengi na ikakosa mwenyewe. Ambaye chumba chake ki chini hakutengeneza dari, kwa kuwa dari ilikuwa ya mwenziwe. Na wa juu hakuitengeneza, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya serikali. Fundi wa kuja kila mwaka hakuwa tena na mtu wa kumwita. Kazi ikakosekana, na kazi ikikosekana mwanagenzi hafundwi. Hivyo mlolongo wa kufunda na kufundwa ukapungua kwa muda wa kizazi kimoja.

Katika miaka ileile saruji ilikuwa imekwisha ingia. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam mwaka 1966. Saruji ni kitu chema mahali pake. Huganda upesi, hushika sana, na kwa nyumba ya matofali ya saruji haina mfanowe. Lakini ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa huwa ni nguo isiyopitisha pumzi. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa tena. Ukifunikwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, chokaa hulegea nyuma ya lipu, na siku moja lipu yote huanguka vipande vipande pamoja na uso wa ukuta. Kwa upande wa imani, saruji ilifanya jambo kubwa zaidi. Iliongeza umbali kati ya kazi na hukumu yake. Siku fundi anapoondoka, ukuta ni laini, mgumu, safi. Hapana mwenye nyumba asiyeridhika. Ubaya hukaa umejificha nyuma ya uzuri. Na fundi mwenyewe mara nyingi hakudanganya: hivyo ndivyo alivyofundwa, katika nyumba za namna nyingine.

Niliyajua haya kwa gharama. Nyumba ya marehemu babu yangu mjini ilikuwa na ukuta wa nyuma ulioanza kuloa. Ndugu tulichanga fedha, tukamwita fundi tuliyesifiwa, akaupiga ukuta wote saruji kwa muda wa siku tisa. Shangazi yangu, aliyekuwa amezaliwa katika nyumba ile, alisimama mlangoni akauliza chokaa imelowekwa wapi. Tulimjibu kwa adabu kwamba hii ni kazi ya kisasa. Hakubisha, alisema tu, "Haya, wanangu, mwenye macho haambiwi tazama." Masika ya tatu lipu ilianguka usiku mahali alipokuwa akilala mtoto wa dada yangu, ambaye kwa rehema za Mungu usiku ule alikuwa kwa bibi yake. Tulimtafuta fundi tukitaka kumgombeza. Tulipompata alikuja mwenyewe, akaushika ukuta kwa kiganja muda mrefu, kisha akasema kwamba kama angejua asingefanya vile, na kwamba hakuna mtu aliyemwonyesha. Hasira yetu haikuwa na pa kukaa. Aliyejua kitu katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, nasi tulikuwa tumemwambia akae ndani.

Mambo makubwa huenda kwa njia hiyohiyo ya madogo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na baraza zinazoizunguka, lilinusurika mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilipoubomoa mji wa kifalme uliokuwa kando yake. Likatumika kuwa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande mkubwa wa jumba pamoja na mnara wake ulianguka. Wafanyakazi wawili walikufa. Si kazi yangu hapa kugawa lawama. Natosheka kusema kwamba jumba lililoshinda mizinga halikushinda maji na kuchelewa, na kwamba waliolipa kwa uhai wao walikuwa mafundi. Tunapozungumza habari ya mwenye nyumba kuogopa fundi mbaya, tukumbuke kwamba fundi naye huingia chini ya dari ambayo wenye nyumba waliipuuza miaka mingi kabla hajaitwa.

Juhudi za kurudisha ufundi zipo, na zapasa kutajwa. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mji wenyewe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mji wa Lamu ulifuata mwaka 2001. Katika miaka ya 1990 jengo la Zahanati Kongwe, lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan, lilitengenezwa upya na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni, na kazi hiyo iliwapa waashi na maseremala mahali pa kuzoeza tena mikono yao. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, ambayo hufundisha ufundi, na pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mitaani pasipo kuingia darasani. Mpango huu wa mwisho naupenda, kwa kuwa warudisha kitu kilichokuwamo katika desturi ya kilemba: fundi kutambuliwa mbele ya watu.

Lakini cheti peke yake hakitamaliza dhiki ya mwenye nyumba. Cheti chaeleza kwamba mtu aliweza siku fulani. Hakielezi kwamba atarudi. Turudi kwenye swali letu la mwanzo. Fundi wa zamani hakuwa malaika, na wa leo si shetani. Kilichobadilika ni kwamba zamani fundi na mwenye nyumba walikutana mara nyingi kwa kazi ndogo, na leo hukutana mara moja kwa kazi kubwa. Wanaokutana mara moja hujaribiana. Wanaojua kwamba watakutana tena huchungana. Kwa hiyo mwenye nyumba atakaye fundi mwaminifu asingoje ukuta utoke tumbo. Na amwite mtu kwa tundu la darini, kwa bawaba ya mlango, kwa kupaka chokaa kabla ya masika. Amlipe vizuri kwa kazi hiyo ndogo. Mwaka unaofuata amwite tena, amwonyeshe kazi yake ya mwaka uliopita, wakiitazama wote wawili. Na yeye mwenyewe ajifunze walau kuuliza chokaa imelowekwa wapi.

Ukuta wa babu yangu tuliurudia kwa chokaa, na fundi ni yuleyule. Safari hii alikuja na mzee mmoja wa kazi hiyo, naye akakaa chini yake kama mwanagenzi, mtu mzima mwenye mvi. Shangazi aliletewa kiti uani ili aitazame chokaa inavyokaa, na kila alipoona imekauka juu alimwita mtoto aimwagie maji. Kazi iliyochukua siku tisa mara ya kwanza ilichukua miezi mitano, na hakuna katika sisi aliyeuliza kwa nini inachelewa.